Nimebakiza miaka 3 kustaafu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari moja hapa Korogwe. Niliajiriwa Novemba 1994, na Novemba 2029 nafikisha miaka 60. Mshahara wangu ni shilingi 1,500,000 kabla ya makato. Nina mkopo wa benki, nakatwa 400,000 kila mwezi hadi Mei 2028, hivyo nafika nyumbani na kama 694,000. Tunaishi nyumba ya shule, mke wangu anashona nguo, mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu. Kiinua mgongo nafikiria kununulia Coaster ya abiria, kisha turudi kwetu Upareni tukajenge. Lakini Mzee, silali vizuri. Mwenzangu mmoja alistaafu mwaka juzi akafariki kabla ya mwaka kuisha. Mwingine pesa zake zilikwisha ndani ya miezi minane. Nijiandaeje, mfukoni na moyoni?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nikachukua kalamu, kwa sababu umenipa kitu ambacho wengi wakiniandikia hawanipi, nacho ni namba. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa na watumishi wanaokaribia kustaafu, kuwakokotolea mafao na kuwasikiliza. Sasa nami ni mstaafu kama utakavyokuwa. Tuanze na namba zako, maana nahisi nusu ya usingizi wako umechukuliwa na hesabu ambayo hujaifanya.

Kikotoo kinachokuhusu, yaani kanuni ya kukokotolea mafao, kinakwenda hivi. Unachukua wastani wa mishahara yako bora ya miaka 3 ndani ya miaka 10 ya mwisho, unazidisha kwa miezi uliyotumikia, unagawanya kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Tuseme mshahara haupandi tena: 1,500,000 kwa mwezi ni 18,000,000 kwa mwaka. Novemba 1994 hadi Novemba 2029 ni miezi 420. Unapata shilingi 13,034,000 na ushee. Hapo inagawanywa mafungu mawili. Asilimia 40 inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa siku moja, huo ndio mkupuo, yaani kiinua mgongo. Asilimia 60 inagawanywa kwa 12 na unalipwa kila mwezi mpaka Mungu atakapokuchukua. Kwako wewe mkupuo ni kama 65,170,000, na pensheni ya mwezi ni kama 651,700.

Mwalimu wa hisabati ataona upesi kwamba namba ya kwanza ni mara 100 ya namba ya pili. Ndivyo kikotoo hiki kilivyo kwa kila mtu anayelipwa mkupuo wa asilimia 40. Kiinua mgongo chako ni pensheni ya miezi 100, miaka 8 na miezi 4, unayokabidhiwa asubuhi moja. Naomba uishike hivyo kichwani. Mtu akiambiwa ana milioni 65 anaona utajiri. Akiambiwa amepewa posho ya nyumbani ya miaka minane kwa mpigo, anaishika kwa mikono miwili.

Sasa tazama upande wa pili. Leo unafika nyumbani na 694,000. Pensheni itakuwa 651,700. Tofauti ni kama elfu arobaini na mbili. Maana yake, Mwalimu, kwa sababu ya mkopo umekuwa ukijifunza kuishi kwa pensheni bila kujua. Mkopo ukiisha kabla hujastaafu, na usipochukua mwingine, ile siku ya kuanguka unayoiota usiku haipo. Nimewahi kukaa na watu waliokuwa wakitoka kwenye milioni na nusu mkononi kwenda laki sita, hao ndio walikuwa na sababu ya kutetemeka.

Usiniache hapo lakini, kwa sababu kuna pesa ambazo haziandikwi kwenye slipu ya mshahara. Umewahi kusahihisha mitihani ya taifa? Unafundisha masomo ya ziada jioni? Mmekuwa mkilipa kodi ya nyumba? Hapana, mnakaa nyumba ya shule. Hivyo vitu vitatu vikiondoka siku moja, elfu arobaini na mbili inageuka kuwa laki mbili au tatu. Keti na mama watoto mwezi huu, mwandike kila shilingi inayoingia na kutoka kwa siku 30, hata ile ya maandazi ya mtoto na vocha. Nataka upate namba yenu ya kweli ya mwezi. Ukishaipata, mambo mengine yote ninayokueleza yatakaa mahali pake.

Najua wazee waliostaafu zamani wanakuambia walipata zaidi, na hawasemi uongo. Kikotoo cha zamani cha watumishi wa serikali kuu kiligawanya kwa 540, kikatoa asilimia 50 ya mkupuo na kuzidisha kwa 15.5. Kwa mshahara wako na miezi yako, mtu wa wakati ule angebeba milioni 108 na nusu, na pensheni ya mwezi ya 583,000. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ikaunganishwa kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, kikatangazwa kikotoo cha mkupuo wa asilimia 25, watumishi wakalia, na Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli akakisimamisha. Julai 2022 kikaja cha asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa kundi lenu lililokuwa likipata nusu, na 35 kwa lile lililokuwa likipata robo. Mimi sitakuambia usisikie uchungu. Milioni 43 ni pesa, na walimu wana haki ya kuendelea kulisemea kwenye chama chao. Ninachokuomba ni kwamba mipango yako ya nyumbani usiijenge juu ya milioni 108 ya mzee wa mwaka 2015, maana nimeona watu wakiagiza bati na mbao kwa hesabu ya rafiki yao.

Kitu kimoja kiko mikononi mwako bado, nacho ni ile mishahara bora ya miaka 3. Kama kuna daraja unalostahili na hujapandishwa, lifuatilie sasa, kwa barua, si kwa kulalamika ofisini kwa walimu. Daraja likikuingia miaka mitatu kabla ya kustaafu linaingia lote kwenye wastani. Likikuingia miezi sita kabla, linaingia kidogo tu, na upungufu huo utaishi nao hadi mwisho.

Na karatasi. Hapa nitakaa kidogo, maana pesa za watu nyingi nimeziona zikikwama kwenye karatasi kuliko mahali pengine popote. Barua yako ya ajira ya kwanza ya 1994, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa madaraja, barua za uhamisho, ziko wapi? Namkumbuka mama mmoja muuguzi aliyekuja na bahasha ya kaki iliyoliwa na mchwa kona moja, na kona hiyo ndiyo iliyokuwa na tarehe ya kuajiriwa. Alizunguka miezi mitano kati ya halmashauri na masijala kutafuta nakala. Tena angalia majina. Kama cheti kinasema jina moja, kitambulisho cha NIDA kinasema jingine na akaunti ya benki imefupisha la katikati, lirekebishe leo kwa hati ya kiapo, usisubiri 2029. Miaka yako ya kabla ya Julai 1999, wakati watumishi wa serikali walikuwa hawachangii mfuko, nayo huhesabiwa, lakini huhesabiwa kwa ushahidi, na ushahidi ni hizo karatasi. Ingia pia kwenye PSSSF Kiganjani, huduma ya mfuko ya mtandaoni, uangalie michango yako mwezi kwa mwezi. Ukiona mwezi una shimo, mwajiri ndiye wa kuulizwa, na ni rahisi kumuuliza ukiwa bado kazini.

Tuje kwenye mkopo, maana hapa ndipo nakuogopea. Unaisha Mei 2028. Nina hakika kabla ya hapo utapigiwa simu na kijana mwenye sauti nzuri akikuambia umebakiza kidogo, unaweza kuongezewa. Usiongezewe. Kuanzia Juni 2028 hadi Novemba 2029 ni miezi 18, na 400,000 ambayo hujaizoea mkononi ikiendelea kutoka kama vile mkopo haujaisha, ukaipeleka kila mwezi kwenye akiba, utakuwa na 7,200,000 kabla ya faida yoyote. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hiyo, unaweka kidogokidogo na ukiihitaji unaitoa ndani ya siku chache. Hiyo ndiyo pesa ya kula wakati unasubiri mafao. Mwenye karatasi zilizokamilika hangoji sana, lakini hata huyo kuna miezi ambayo mshahara umekatika na pensheni haijaanza. Ni katika miezi hiyo watu wanaangukia kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, wanaacha kadi ya benki na namba ya siri rehani, na mafao yanapoingia yanakuta mwenye kadi ni mtu mwingine.

Na SACCOS, chama chenu cha akiba na mikopo. Umemdhamini nani? Watu wanakumbuka mikopo yao na kusahau mikopo waliyoisainia wenzao. Nenda uombe orodha. Kama kuna kijana wa idara yenu anadaiwa milioni nne na jina lako liko pale, mwambie atafute mdhamini mwingine kabla hujaondoka.

Sasa Coaster. Mwalimu, umewahi kumiliki hata pikipiki ya biashara? Nakuuliza kwa upendo. Karibu na kwangu kuna Coaster ya mwalimu mkuu mstaafu iko chini ya mwembe. Majani yameota katikati ya magurudumu, na kuku wanatagia kwenye kiti cha kondakta. Ilitembea miezi 14. Kila jioni dereva alileta hesabu pungufu na sababu iliyokamilika: tairi, trafiki, abiria hamna. Mzee yule si mjinga, aliongoza shule ya wanafunzi mia saba. Lakini hakuwa anaijua barabara, hakuwa na fundi wake, hakujua gari hula nini kwa mwezi. Nina kanuni moja ambayo sijawahi kujuta kuitoa: biashara ambayo hujaifanya kwa laki tano ukiwa na mshahara, usiifanye kwa milioni hamsini ukiwa huna. Kama unaipenda kweli biashara ya usafiri, una miaka mitatu. Nunua bodaboda moja, mkabidhi kijana, uone mwenyewe namna hesabu zinavyoletwa. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na jibu lililotoka kwako, si kwangu.

Mimi ningeangalia cherehani ya mama. Umeiandika kwa maneno manne tu, “mke wangu anashona nguo,” lakini hiyo ndiyo biashara pekee ndani ya nyumba yenu yenye wateja, yenye ujuzi, na iliyokwisha kupita misukosuko. Muulize anapata kiasi gani, muulize angepata kiasi gani akiwa na mashine ya pili na fremu karibu na stendi. Labda jibu la milioni tatu au nne linalala hapo. Na muulize kama mshirika. Nimekaa na wanaume waliostaafu ambao wake zao walisikia kiasi cha kiinua mgongo kwa majirani. Nyumba za namna hiyo huwa na baridi, hata pesa zikiwepo.

Zinazobaki, baada ya nyumba ya kuishi, ziwekwe mahali ambapo zinakuletea riba bila wewe kukimbizana na mtu. Hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, zinauzwa na Benki Kuu kwa mnada, unanunua kupitia benki yako au wakala wa soko la hisa, kuanzia shilingi 1,000,000, na riba huingia kwenye akaunti kila miezi 6. Ukiweka milioni 30 kwenye hatifungani ya riba ya asilimia 12, unapata milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 1,800,000 kila nusu mwaka. Gawanya kwa miezi, ni laki tatu juu ya pensheni yako, na milioni 30 zako zinakusubiri. Zipo za miaka 2, zipo za 10, zipo hadi za 25. Riba za muda mrefu huwa zinavutia, ila mtu wa miaka 60 asifungie zote huko. Unaweza kuiuza kabla ya muda wake sokoni, lakini bei ya siku hiyo inaweza isikupendeze. Zigawe: nyingine fupi, nyingine ndefu, na akiba ya ugonjwa ibaki kwenye Ukwasi au benki, pale unapoweza kuigusa.

Nyumba Upareni nimeifikiria sana. Naijua raha ya milimani, baridi ya asubuhi, migomba, na kuzikwa karibu na baba yako. Sikukatazi. Nakuuliza maswali mawili tu. Mama watoto amesema nini? Maana wateja wake wa nguo wako Korogwe, na yeye ndiye atakayeanza upya akiwa na miaka hamsini na kitu. Na swali la pili: ukipatwa na presha saa nane usiku wakati wa masika, gari inapanda hadi kwenu? Kutoka Korogwe mjini hadi Hospitali ya Magunga ni dakika chache. Wako niliowaona wakijenga nyumba ya vyumba sita kijijini kwa ajili ya watoto watakaokuja Krismasi, nyumba ikameza mkupuo wote, na watoto wakaja Krismasi moja. Kama ni kujenga, jenga vyumba vitatu, anza msingi sasa hivi kwa pesa ndogondogo, na ujenge pale nyinyi wawili mtakapolala, si pale watu watakapopita na kusema huyu alifanya kazi. Na usisahau kwamba ukistaafu, nauli ya familia na gharama za kusafirisha mizigo kukurudisha kwenu ni haki yako kwa mwajiri. Iombe kwa maandishi.

Kuhusu afya nitakuwa mfupi. Bima ya mstaafu ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inakuhusu wewe na mwenza wako, watoto hawamo. Mtoto wako wa mwisho Novemba 2029 atakuwa kidato cha sita, kwa hiyo bima yake iingie kwenye ile bajeti yenu. Na wewe, wiki hii, nenda ukapime presha na sukari. Umeniambia habari ya mwenzako aliyefariki kabla ya mwaka, na naona neno hilo limekukaa. Watu husema kustaafu kunaua. Miaka yote niliyofanya kazi hii, niliowajua waliofariki mapema wengi walikuwa na ugonjwa walioubeba kimya wakiwa kazini, au madeni, au chupa waliyoiongezea kasi walipokosa pa kwenda asubuhi. Sijui mwenzako alikuwa na lipi, na nakupa pole. Lakini haya yote matatu mtu anaweza kuyashughulikia akiwa na miaka 57.

Sasa moyo. Nikueleze ya kwangu. Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja na nusu kama siku zote. Nikaoga. Nikapiga pasi shati la bluu, nikalivaa, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikifunga viatu. Mke wangu akasimama mlangoni na kikombe cha chai, akaniangalia, akasema polepole, “Baba, leo unakwenda wapi?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa na pesa benki, nilikuwa na nyumba, watoto wote walikuwa wameshajitegemea. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha watu wengine hesabu ya mafao, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaandaa asubuhi. Wiki kadhaa zile zilikuwa nzito kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Kazi inatupa mambo ambayo mshahara hauyaonyeshi. Inatupa saa ya kuamka, inatupa watu wa kusalimiana nao, na inatupa jina. Wewe umeitwa Mwalimu tangu 1994. Jina hilo huna haja ya kulirudisha ofisini pamoja na funguo, Korogwe nzima itaendelea kukuita hivyo. Saa na watu ndivyo vitakavyoondoka. Kengele haitalia. Ofisi ya walimu, pale mnapogombania chai na kubishana habari za Simba na Yanga, itakuwa na mtu mwingine kwenye kiti chako kufikia Januari. Ukienda kuwatembelea watakufurahia mara ya kwanza, mara ya tatu watakuwa wana vipindi. Hawana ubaya, wana kazi. Kwa hiyo marafiki wa nje ya shule anza kuwatafuta sasa: msikitini au kanisani, kwenye ushirika, kwenye kikundi cha wakulima, popote ambapo watu hukutana kila wiki bila kulipwa. Watafute wenye umri wako na wachache wenye umri wa watoto wako.

Na utafute kazi ya asubuhi. Sisemi ya kipato. Mwalimu mmoja wa fizikia niliyemkokotolea mafao alianza kutengeneza redio na pasi za majirani kwenye kibaraza chake miaka miwili kabla ya kustaafu, Jumamosi tu. Alipostaafu akaongeza siku nne. Alikuwa hapati nyingi, lakini kila siku saa mbili kulikuwa na mtu anapiga hodi na kitu kilichoharibika mkononi. Wewe unafundisha hisabati, somo ambalo watoto wengi wa nchi hii wanalikimbia. Nadhani hodi zako hazitakuwa chache. Panga siku, panga saa, weka ubao barazani. Wachache walipe, wasio na uwezo wakae nao wasikilize.

Nyumbani pia kuna jambo ambalo wanaume hatuambiwi. Mchana wa nyumba yako una mwenyewe. Kwa miaka yote hii, kati ya saa moja na saa tisa, mkeo amekuwa na utaratibu wake, wateja wake, shoga zake, redio yake. Ukiingia ghafla ukakaa sebuleni na kuanza kuuliza mbona mboga inapikwa saa hizi, mtagombana, nanyi mnapendana. Zungumzeni kabla. Muulize anataka siku zenu ziweje. Ninyi wawili mmelea watoto, mmesomesha, mmeuguza wazazi. Inawezekana tangu harusi hamjapata kukaa mkaulizana swali hilo.

Ndugu na watoto watakuja pia. Habari za kiinua mgongo hutangulia kabla ya pesa. Kutakuwa na mpwa mwenye mradi, kamati ya harusi, binti mwenye duka linaloyumba. Usisubiri waje, waambie mapema wakiwa wamekaa pamoja, mkiwa nyinyi wawili mbele yao: hizi ni pensheni za miezi 100 za baba na mama, zina kazi, na kiasi fulani tumetenga kwa ajili ya kusaidia, kikiisha kimeisha. Taja kiasi. Watanung'unika mwezi mmoja. Na mtu yeyote atakayekupigia simu akijitambulisha kuwa ofisa wa mfuko, akakuambia mafao yako yana tatizo dogo utume pesa kwenye namba hii, au kuna hisa za wastaafu zinazozaa mara mbili, kata simu uende ofisini kwa miguu yako. Matapeli hawa wana majina yenu na tarehe zenu, ndiyo maana watu wenye elimu huamini.

Wosia uandike ukiwa mzima. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na kuhifadhi, na mkeo ajue ulipo. Kiwanja kama mnacho, kiwe na hati, na jina lake liwemo.

Sasa nakupa kazi ya nyumbani, kama wewe ulivyotoa nyingi. Desemba hii shule zikifungwa, chukua mwezi mzima muishi kama mmeshastaafu. Siku ya mshahara weka pembeni kila kilichozidi 651,000, na humo mtoe pia kodi ya vyumba viwili kama vile nyumba ya shule haipo. Wiki mbili kaeni Korogwe, wiki mbili Upareni kwa ndugu zako. Usisahihishe, usifundishe, usiende shuleni hata kuchukua barua. Kila jioni uandike mistari miwili: leo nilitumia kiasi gani, na leo nilikaa na nani. Mama naye aandike yake kwenye daftari lake, msisomeane mpaka mwezi uishe. Kisha Januari niandikie mlichokikuta, yako na yake, nitakaa nanyi kwenye hesabu ya nyumba na ya ile mashine ya pili.

Lakini kabla ya Desemba kuna Jumamosi hii. Ishushe ile sanduku iliyo juu ya kabati, uitafute barua ya 1994.